Wasifu wa dakika nne

Wasifu wa Bibi ulisomwa kwa dakika nne. Nilitazama saa, na si kwa kuchoka. Mvua ya masika ilikuwa imeanza kupiga turubai, na sisi tuliokaa pembeni tulikuwa tunapima kama jeneza litafika kaburini kabla njia ya migombani haijawa utelezi mtupu. Mjukuu wake mkubwa wa kiume alisimama na karatasi moja iliyochapwa upande mmoja, akasoma kwa sauti ya mtu aliyekanywa asilie. Alizaliwa 1938, hapa hapa Marangu. Akabatizwa angali mchanga. Kipaimara 1953. Ndoa takatifu 1958. Watoto saba, wawili wametangulia. Wajukuu 23, vitukuu 11. Kazi: mkulima. Kisha aya ya ugonjwa, ambayo kwenye misiba yetu huwa ndefu kuliko aya ya uhai: presha, miguu kuvimba, kulazwa, kuruhusiwa, kulazwa tena. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Akaikunja karatasi, akarudi kukaa.

Salamu za rambirambi zilichukua saa moja na robo. Akasimama wa chama, akasimama wa kata, wakasimama wakwe, vikundi vya kuweka na kukopa vitatu, na wafanyakazi wenzake wa mwanawe wa nne waliokuja na kosta nzima kutoka Arusha. Kila mmoja alianza kwa kusema hatakuwa na maneno mengi. Sina ugomvi na rambirambi. Mfiwa anahitaji kuona watu wamesimama. Ila nilijikuta nahesabu, na hesabu ilikuwa mbaya: dakika nne za marehemu, dakika sabini na tano za waliokuja kumzika.

Katika zile dakika nne, sehemu ya kanisa ilikuwa sentensi moja. "Alikuwa msharika mwaminifu." Basi. Tatizo ni kwamba wasifu wetu una vyumba vyake vya kujaza, kama fomu ya benki: mzee wa kanisa kuanzia lini hadi lini, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mjumbe wa kamati ya ujenzi, mlezi wa kwaya. Bibi hakuwahi kuwa chochote kati ya hivyo. Mwaka mmoja walimchagua mzee wa kanisa akakataa palepale, akasema mzee wa kanisa anakaa mbele, na mbele haoni kitu.

Jina lake sitaliandika. Watoto wake wapo, wanaweza kuliandika wakitaka, na yeye mwenyewe hakupenda kusomwa hadharani, hata kwenye orodha ya waliochangia bati. Sisi tulimwita Bibi tu. Hakuwa bibi yangu wa damu. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na cha baba yangu vinatenganishwa na mfereji wa maji na nyumba moja katikati.

Alikaa benchi la mwisho, upande wa wanawake, pembeni kabisa karibu na mlango. Nasema upande wa wanawake kwa mazoea. Siku hizi watu wanakaa na wake zao, lakini yeye aliendelea kukaa pale wanawake walipokaa alipokuwa msichana. Mgeni angedhani ni mwanamke anayechelewa, au anayetaka kuwahi kutoka. Ukweli ni kwamba alifika kabla ya kengele ya kwanza na alikuwa kazini. Kutoka benchi la mwisho unaona visogo vya watu wote. Bibi alivijua visogo vya usharika mzima. Wimbo wa kwanza ukianza alikuwa ameshajua nani hayupo, na wakati wa matangazo, watu wanapoanza kupepesa macho na watoto kulala, yeye alikuwa anafunga mafundo.

Kanga ina ncha nne. Bibi alifunga fundo kwenye ncha, fundo moja kwa mtu mmoja asiyeonekana. Nikiwa mdogo nilikaa naye mara nyingi, kwa sababu mama yangu aliimba kwaya, na nilidhani anafunga pesa kama bibi wengine. Siku moja nilifungua fundo nikakuta halina kitu. Alinifinya. Akanong'ona, "Umemfungua mama wa bondeni. Mfunge." Nikamfunga.

Kama waliokosekana walikuwa kumi, alichagua wanne. Nilimuuliza anachaguaje. Alisema aliyesafiri anamwacha, mvivu anamwacha, aliyekasirika na mchungaji anamwacha wiki mbili apoe. Wanaobaki ndio wanaofungwa. Mafundo yalifunguliwa kuanzia Jumatatu, moja moja, baada ya kumtembelea mwenyewe. Ukimwona Ijumaa na kanga yenye fundo ulijua wiki imemshinda, na hakuwa mtu wa kutaniwa siku hiyo.

Namna alivyotembelea wagonjwa ndiyo ningependa ingesomwa chini ya lile turubai. Anayejua uchagani anajua ng'ombe wetu hawaendi malishoni. Wanafungwa zizini, na majani tunawaletea, mengine yakitoka mbali huko chini tambarare kichwani kwa akina mama. Mwanamke akiugua, watu wanakuja na uji, wanakuja na mtori, wanakuja na sala. Bibi alikuja na mzigo wa majani. Aliupeleka moja kwa moja zizini kabla hajapiga hodi, akamwaga mbele ya ng'ombe, akaangalia maji, ndipo akaingia ndani na vipande vya nyasi kwenye nywele. "Wewe utaombewa," alimwambia mama yangu alipokuwa na malaria, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tatu. "Huyu nje nani atamwombea?" Mama aliniambia baadaye kuwa hapo ndipo alipolala usingizi wa kwanza baada ya siku tatu. Ng'ombe alikuwa amenyamaza.

Nisimfanye malaika, atanikasirikia. Alikuwa mkali na alikuwa mbishi. Kinanda cha umeme kilipoingia kanisani alikiita "friji" kwa sababu ya ule mngurumo wake, na kwa miaka alikuwa akianza wimbo kabla ya mpigaji, polepole kama tulivyorithi kwa Wajerumani, halafu usharika mzima unagawanyika: mbele wanaenda na kinanda, nyuma wanaenda na Bibi. Mara nyingi nyuma walishinda. Kwaya ya vijana haikumpenda hata kidogo.

Kwenye jumuiya alikuwa mtihani mwingine. Sala za jumuiya tunasali nyumba kwa nyumba, alfajiri kabla ya shamba, na neno linasomwa kwa zamu. Bibi alikuwa na Biblia ya baba yake, tafsiri ya Roehl, ile iliyotoka 1937. Sisi wengine wote tulikuwa na ya Muungano, ya 1952. Roehl alikuwa mmisionari Mjerumani aliyeamini Kiswahili cha Biblia kisimame kwa maneno ya Kibantu kadiri kinavyoweza, kwa hiyo maneno mengi yenye asili ya Kiarabu aliyakwepa. Matokeo yake ni kwamba tukiambiwa tusome pamoja, sauti thelathini zinakwenda njia moja na sauti moja inakwenda njia yake, na haishuki. Mwinjilisti alimwomba mara kadhaa achukue kitabu kama cha wenzake. Alijibu kwamba baba yake alizikwa na maneno haya na hajalalamika. Mimi nilijifunza kutoka kwake, kabla sijajua neno "tafsiri," kwamba kitu kimoja kinaweza kusemwa sawasawa mara mbili kwa maneno tofauti. Ninaishi kwa kuandika, na nadhani deni hilo ni la benchi la mwisho.

Kuna mwaka 1955. Huu nao haukuwa kwenye karatasi. Mwezi wa Novemba mwaka huo Walutheri kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Marangu, mara ya kwanza kwa bara zima kukaa pamoja namna hiyo. Vitabu vya historia ya kanisa vinautaja mkutano huo kwa heshima, na vinastahili: ilikuwa miaka sita kabla ya uhuru wa Tanganyika, Kilimanjaro ilikuwa na Mangi Mkuu wake, chifu wa Wachagga wote, na KKKT yenyewe, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ilikuwa haijazaliwa, maana ile ni ya 1963. Bibi alikuwa na miaka 17, mmoja wa wasichana waliomenya ndizi. Nilimhoji juu ya siku zile nikiwa chuoni, na kinasa sauti, nikitegemea niambiwe hotuba. Alichokumbuka ni kwamba utomvu wa ndizi hautoki mikononi, kwamba kuni zilikuwa mbichi kwa sababu ya mvua za vuli, na kwamba wageni wengine walikuwa wakizungusha macho wakitafuta wali. Nikamuuliza, Bibi, hukusikia lolote lililosemwa ndani? Akafikiri. "Nilisikia wanaimba," akasema. "Kila mtu kwa lugha yake, wimbo mmoja. Tukaacha kumenya." Halafu akaniambia nizime kile kidude, maziwa yanamwagika.

Kisa cha masale nilikishuhudia mwenyewe, mwaka 1993, na bado nakiona.

Sale ni mmea mdogo wenye majani marefu, tunaupanda mipakani. Ukiona mstari wa masale ujue hapa kihamba cha mtu kinaisha na cha mwingine kinaanza. Na jani hilohilo, likishikwa mkononi na kupelekwa kwa mtu, ni kuomba msamaha. Aliyeletewa sale hakatai, na akikataa watu watamwogopa. Bibi na shemeji yake, mdogo wa mumewe, waligombana juu ya mstari wa masale. Yule mzee alisema umesogea hatua mbili. Bibi alisema masale hayana miguu. Walikaa miaka miwili bila kusalimiana, wote wawili wakishiriki Meza ya Bwana Jumapili zilezile, mmoja akipanda kwa mlango wa kulia na mwingine kwa kushoto. Mchungaji alijaribu, wazee walijaribu, mangi angekuwepo naye angejaribu.

Halafu Jumapili moja yule shemeji hakuonekana. Nilikuwa nimekaa na Bibi. Wimbo wa kwanza ukaanza, akavipitia visogo, akavipitia tena. Akashika ncha ya kanga. Hakufunga. Akaiachia. Ibada nzima aliishika na kuiachia ile ncha, na mahubiri yalipofika katikati akafunga fundo kwa nguvu mpaka nikasikia kitambaa kikilia.

Hakungoja Jumatatu. Tulitoka kanisani tukashuka moja kwa moja hadi kwenye mpaka wenyewe, ule wa ugomvi, na hapo akakata jani la sale. Nilikuwa na miaka tisa, na hata mimi niliona ujanja wake: kama mstari ulikuwa wa shemeji, ameiba jani; kama ulikuwa wake, anaomba msamaha kwa mali yake. Akaenda nalo. Mzee alikuwa kitandani, mgongo umemkataa tangu Ijumaa. Bibi akasimama mlangoni akalinyoosha lile jani bila neno. Mzee akalitazama muda mrefu, akauliza kwa Kichagga, "Umelikata upande gani?" Bibi akasema, "Upande wa ng'ombe wako. Ana njaa." Akatoka kwenda kumkatia majani. Mpaka haukusogezwa. Upo palepale hadi leo, nimeupita siku ya mazishi nikishika masale nisiteleze.

Miaka ya tisini hiyohiyo kanisa letu likaanza kubariki wanawake kuwa wachungaji. Alipokuja kwetu mwanamke wa kwanza kuhubiri, wazee wengi walinuna, na Bibi akiwemo. Hoja yake haikutoka kwa Paulo. Alisema sauti ya kike haifiki benchi la mwisho. Siku hiyo alikaa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio, kama fundi anayesikiliza injini. Tulipotoka akamwendea yule mama mlangoni, akampa mkono. "Nimesikia kila neno," akasema. "Hata lile ulilokosea." Suala hilo likaisha.

Nimefika kwenye mnada, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyekulia kwenye usharika wa kijijini anaweza asielewe. Si kila mtu ana pesa ya kutoa. Wengine wanaleta mayai, kuku, maziwa kwenye chupa, mkungu wa ndizi, parachichi, muwa. Ibada ikiisha tunatoka nje, mzee wa kanisa anasimama juu ya ngazi, na vitu vinanadiwa, pesa inaingia kwenye hesabu ya sadaka. Mnada una raha yake. Kijana aliyetoka mjini ananunua jogoo kwa bei ya mbuzi ili aonekane, yai moja linauzwa mara nne kwa sababu kila anayelinunua analirudisha linadiwe tena, watu wanacheka, kanisa linapata.

Bibi hakucheka sana. Alisimama pembeni akitazama macho ya watu, yaani nani anakitazama kitu kwa kukitaka na nani kwa kujionyesha. Kuna akina mama wanaokuja na shilingi zao chache, wamekosa kuuza maziwa wiki hiyo, na mnada ndiyo nafasi yao ya kupata ndizi za kupika kwa bei iliyo chini ya soko la Mtoni. Mwanamke wa namna hiyo akisema "elfu mbili," halafu bwana mmoja mwenye funguo za gari akasema "elfu kumi" kwa kishindo, kanisa limepata elfu nane za ziada na nyumba moja imelala na njaa. Bibi alikuwa na njia yake. Mwanamke akishataja bei, alimtazama yeyote anayefungua mdomo. Kumtazama tu. Nimeona wakurugenzi wakimeza mate. Mzee wa kanisa alimlalamikia kwamba anaipunguzia sadaka mapato, akajibiwa, "Mungu ana hesabu nyingine ya ndizi."

Niliondoka kwenda chuo Dar es Salaam 2004, nikabaki huko. Kwa muda nilisali kwenye usharika mmoja wa mjini, kisha nikapunguza, na kufika 2013 nikaacha. Hakuna kisa kikubwa. Jumapili ikawa siku ya kufua na kulala. Barua ya uhamisho sikuwahi kuichukua nyumbani, kwa hiyo kwenye vitabu nilibaki msharika wa Marangu, mwenye kadi na namba ya bahasha ya sadaka, nisiye na mwili.

Nilirudi Desemba, kama wote. Desemba barabara ya kutoka Himo inajaa magari yenye vumbi la safari, kanisa linafurika hadi kwenye nyasi, na Bibi anapoteza hesabu kwa sababu visogo ni vingi mno. Hakuipenda Desemba. "Krismasi hata mawe yanakuja kusali," alisema. Nilipita kwake kila mwaka, shikamoo Bibi, marahaba mama, nakaa kwenye kigoda, naletewa chai isiyo na sukari. Miaka ya kwanza sukari ilikuwepo, kisha haikuwepo. Nilipouliza alisema ulimi wake umezeeka, hauhitaji kubembelezwa tena. Nikarudi Dar nikawa namtumia kwa simu elfu ishirini, mara elfu thelathini, kila baada ya miezi miwili mitatu, na ujumbe: ya sukari, Bibi. Alimtuma mjukuu anijibu: aika, mae, asante mama, nimepata.

Hakuniuliza hata mara moja kama nasali. Hilo lilinisumbua kuliko ambavyo lingenisumbua swali.

Simu ya msiba ilinikuta Jumatano ya Aprili 2024, usiku. Alhamisi alfajiri nilikuwa Mbezi kituoni. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na ile mvua niliyoieleza ilitushinda kweli. Jeneza lilikwenda mikono kwa mikono, wanaume wamevua viatu, kaburi lilibidi lichotwe maji kwa ndoo kabla ya mavumbi kwa mavumbi, ambayo siku hiyo yalikuwa tope kwa tope. Alizikwa kwenye kihamba chake kati ya migomba, hatua chache kutoka zizini. Ng'ombe alilia ibada nzima. Mtu alinyanyuka hatimaye akaenda kumpa majani, sikuona ni nani.

Jumanne nikaenda ofisi ya usharika. Nilikuwa na jambo la aibu kidogo. Nimeshawahi kuona, kwenye usharika mmoja nisioutaja, maiti ya mtu ikisubiri uani huku viongozi wakifukua kadi yake ya ahadi kuangalia kama alikuwa analipa. Nisiseme mengi juu ya hilo. Nina maoni na si mazuri. Ila baada ya kumzika Bibi hofu hiyo ilinipanda, na nikaona nikamalize deni langu kimyakimya. Miaka kumi na moja. Nilikuwa nimetoa pesa benki.

Mhasibu ni dada tuliyesoma naye kipaimara. Akafungua daftari, akatafuta namba yangu, akainua uso.

"Huna deni."

Nikamwambia aangalie tena, labda namba imepewa mtu mwingine. Akaligeuza daftari nikaona. Jina langu, na mistari. Mia mbili, mia mbili, mia mbili, kisha kuanzia mwaka fulani mia tano, mia tano, kila Jumapili. Miezi aliyolazwa imerukwa, kisha imefidiwa kwa mkupuo.

"Alikuwa anazileta yeye," akasema dada. "Saba. Yako na za wengine sita. Zote anaziandika namba mwenyewe kwa kalamu ya risasi."

Nilifanya ile hesabu mlemle ofisini, ndiyo tabia yangu. Bahasha saba za mia tano ni 3,500 kwa Jumapili. Kwa mwaka ni 182,000. Katika kizazi chake kahawa ilikuwa ya mume. Hela ya kahawa ilipitia chama cha msingi na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaishia mikononi mwa wanaume. Cha mwanamke kilikuwa ndizi, maziwa na mayai. Niliuliza hao sita ni nani. Mmoja ni mwanawe aliyeko Nairobi. Mmoja yuko gerezani. Wawili ni ndugu waliohamia kanisa jingine, la mahema, na wanajulikana. Mmoja hakuna anayejua alipo. Wa sita ni mtoto wa yule shemeji wa masale.

"Nilimwambia hawa wameshaondoka, Bibi," akasema mhasibu. "Akaniambia niandike tu, wako njiani."

Kisha akauliza, kikazi kabisa, kalamu mkononi, nani ataendelea nazo. Nikasema yangu naichukua. Akaandika. Akangoja. Nikasema na ile ya gerezani. Akangoja tena, nikawa natazama dirisha. Mpaka naandika haya ni mbili tu, na moja kati ya hizo ni yangu mwenyewe, kwa hiyo msinisifu.

Nilibaki hadi Jumapili. Sikukaa benchi la mwisho; kulikuwa na msichana amekaa pale na mtoto mgongoni, na hakukuwa na sababu ya kumwondoa. Nilikaa katikati, nikahisi kisogo changu kinawasha ibada nzima.

Baada ya ibada mjukuu wake, yuleyule wa karatasi, alileta mkungu wa mshare, ndizi za kupika. Ulikuwa umeshakomaa wiki ya msiba na hakuna aliyekumbuka kuukata. Mzee wa kanisa akaupandisha kwenye ngazi, akataja umetoka kihamba cha nani, na watu wakaguna kwa pamoja, ule mguno wa kwetu. Nilikuwa na ile pesa ya benki yote, haijaguswa. Nilikuwa nimeshaamua. Ningesema laki moja, ningeubeba hadi Dar kwenye buti la basi, ningepika na kulia.

"Tunaanza elfu tatu!"

"Nne," alisema mwanamke aliyesimama karibu na mlango, mwenye kandambili za rangi mbili tofauti. Alikuwa anautazama mkungu, hakuwa anatutazama sisi.

"Nne mara ya kwanza! Ndizi za Bibi hizi, jamani!"

"Tano," akasema mtu mwingine, kwa upole. Mwanamke akafungua ncha ya kanga yake, akahesabu ndani, akafunga.

"Tano na mia tano."

Nilikuwa nimeshainua mkono. Mzee wa kanisa akaniona, uso ukamng'aa, maana anajua wa kutoka Dar wanavyonunua. "Haya, dada yetu! Dada anasemaje?"

Nikaupeleka mkono kichwani nikatengeneza kilemba.

"Dada, huongezi?"

Nikatikisa kichwa. Akanitazama kwa masikitiko ya wazi kabisa, akageukia wengine, akangoja kuliko ilivyo kawaida. Kisha akagonga ngazi kwa fimbo. Mwanamke akalipa sarafu nyingi, akainama, mjukuu akamtwika mkungu, na akaondoka nao kuelekea juu kabla kuku hawajaanza kunadiwa.